"Muda wa kushona gauni la wafu unao, la wifi yako huna"

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Kitangiri hapa hapa Mwanza. Kazi yangu ni uuguzi. Mama alipofariki aliniachia cherehani yake ya kukanyaga, ile nyeusi ya chuma yenye maua ya dhahabu yaliyofifia ubavuni, na huu ni mwaka wa nne hiyo cherehani ndiyo starehe yangu. Wenzangu wana tamthilia zao, wana vikoba vyao. Mimi watoto wakishalala, nashona.

Tatizo ni kwamba sishoni nguo za kuvaa. Nashona mavazi ya kale. Nilianza pale parokia yetu ilipoandaa igizo la mapadre wa kwanza waliofika upande huu wa ziwa na kufungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883, nikaombwa nishone mavazi matatu ya mapadre. Kutafuta picha, nikagundua hawakuvaa kanzu nyeusi ya padre. Walivaa gandura, vazi jeupe la Waarabu wa Algeria, na juu yake burnusi, joho lenye kofia inayolala mgongoni, kwa kuwa shirika lao lilianzia Algiers mwaka 1868. Nikayashona kwa mashuka ya mitumba ya Mlango Mmoja. Siku ya igizo yule kijana alipotokea, burnusi imemwangukia mabegani, bibi mmoja benchi la mbele alisimama wima. Mimi usiku ule sikupata usingizi kwa furaha.

Tangu hapo sijaacha. Nimeshona gomesi, lile gauni la wanawake wa Uganda, la mabega yaliyochongoka. Na sasa ni mwaka wa pili niko kwenye gauni la Kizungu la mwaka 1895, lile lenye mikono iliyofura begani kama puto na kubana kuanzia kwenye kiwiko. Sehemu ya juu peke yake ina vipande tisa, kila kipande na bitana yake. La majaribio nililikata kwa merikani, kitambaa kilichopata jina hilo kwa sababu meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikikileta Zanzibar tangu miaka ya 1830, na wapagazi wakakibeba kichwani mpaka huku kwetu. Penye vile vibanzi vya nyangumi vya kunyoosha kiuno nimeweka waya za plastiki za kufungia nyaya za umeme. Gauni nalivalisha kiwiliwili nilichokijaza matambara. Hakuna mahali nitakapolivaa, na sijali.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Mdogo wa mume wangu anaolewa. Wifi yangu mkubwa ndiye mwenyekiti wa kamati ya sendofu. Alikuja na vitenge 14 vya sare, akavitua kitandani kwangu, akasema, "Si unayo cherehani." Basi. Hakuuliza. Nami, Shangazi, nilishindwa kusema hapana mbele yake. Nikamwambia cherehani imekatika mkanda, namsubiri fundi.

Wiki mbili baadaye akapita jioni bila taarifa. Cherehani ya kukanyaga unaijua, inasikika mpaka getini. Aliingia akakuta mkono wa gauni uko chini ya sindano. Akaushika, akaugeuza, akaniambia taratibu, "Kumbe muda wa kushona gauni la wafu unao, la wifi yako ndiyo huna." Akakusanya vitenge vyake akaondoka. Sasa mama mkwe amenipigia simu mara mbili. Mume wangu anasema hayo ni mambo ya wanawake, yeye hayamhusu, ila angalau nifungue ofisi ya ushonaji ili hela ya vitambaa irudi. Sitaki ofisi. Natoka zamu ya usiku, nirudi nikute zamu nyingine nyumbani?

Kuna na la pili, nalo linaniuma peke yangu. Gauni lile nilikuwa nalishona lote kwa mkono, kwa sababu rafiki yangu mmoja wa Bukoba, tunapenda wote kazi hii, aliniambia nguo ya kale ikiguswa na mashine si ya kale tena. Siku ile wifi alipoingia ndiyo ilikuwa siku ya kwanza nimechoka nikaipeleka kwenye mashine. Yaani nilikamatwa mara mbili kwa mpigo. Imebaki mikono na pindo la sketi, mzunguko wake karibu mita nne. Niendelee na mashine, au nitakuwa nimeharibu kazi ya miaka miwili?

Mama wa Kitangiri

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Naanza na la mashine, kwa sababu hapo huna kosa hata kidogo, na nataka uingie kwenye yale mengine ukiwa umetua mzigo huo.

Jiulize swali moja kila unapochukua uzi: nguo hii ni ya mwaka gani? Ungekuwa unashona gauni la mwaka 1780, rafiki yako wa Bukoba angekuwa na haki, maana wakati huo kila mshono duniani ulikuwa wa mkono. Lakini Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ya cherehani yake mwaka 1830, akaitumia kushona sare za jeshi, na mafundi wa mkono wa Paris wakaingia karakana yake wakavunja mashine kwa kuogopa kukosa kazi. Ugomvi wa sindano ya mkono na ya mashine ni wa tangu siku hizo. Mwaka 1846 Elias Howe akapata hataza yake Marekani, mwaka 1851 Isaac Singer naye akapata yake. Hesabu mwenyewe kutoka 1851 mpaka 1895. Ni miaka 44. Mshonaji aliyeshona gauni kama lako alikuwa na cherehani ya kukanyaga kama ya mama yako, na mishono mirefu ya ubavuni na ya sketi aliipitisha humo bila kufikiria mara mbili. Wifi yako alipoukuta mkono wa gauni chini ya sindano, aliukuta mahali ambapo mwaka 1895 ungekuwepo. Kama kuna ulichofanya zaidi ya wenyewe, ni kushona kwa mkono ile mishono mirefu ya miaka miwili.

Mkono ulibaki na kazi zake, na hizo usizipeleke kwenye mashine. Vishikizo vya kulabu, matundu ya vifungo, kingo za ndani za mishono zisichanike nyuzi, mifereji ya kupitishia zile waya zako, na sehemu ya pindo inayoonekana kwa nje. Kwenye kichwa cha mkono ule uliofura, pitisha nyuzi mbili sambamba za kukusanyia, vuta zote mbili pamoja, na unene wote upeleke juu ya bega, kwapani pabaki pametulia. Piga bandi kwanza kwa mkono, yaani mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kisha ndiyo upitishe mashine polepole, ukikanyaga nusu nusu. Ukiruka bandi hapo, marinda yatakimbilia upande mmoja na utalia. Ndani weka kipande cha kitambaa kigumu kama kile cha kola, la sivyo puto litalala kama mkia wa samaki aliyekufa. Uzi wa mkono usizidi urefu wa kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, upitishe kwenye nta ya nyuki ndiyo hautajifunga mafundo, na subana, ile kofia ya kidole ya kusukumia sindano, usiivue hata ukichoka. Vidole vyako vinahitajika wodini asubuhi.

Haya nimeyapata kwa baba yangu. Alikuwa fundi, alikaa na cherehani yake kwenye baraza la duka la vitambaa hapa mjini, na suruali za watu zilimpita mikononi kutwa. Jioni alikuwa anarudi macho mekundu. Lakini kuna miezi fulani kabla ya Idi alikuwa akila anakaa mlangoni na koroboi, anajishonea kanzu yake mwenyewe. Kwa mkono, yote. Mama alikuwa anamuuliza, wewe mchana kutwa una mashine, usiku unahangaika na sindano ya nini? Alikuwa anajibu, "Ile ya mchana ni ya watu."

Nilikuwa namshikia taa. Akanifundisha kwamba kanzu ni vipande vilivyonyooka, kitambaa hakipotei: badani mbele na nyuma, taharizi za ubavuni za kuipanua kuelekea chini, mikono, na chini ya kila kwapa kipande kidogo cha pembe nne kinachoitwa kikwapa. Kile kikwapa ndicho kilichomchukua muda kuliko shingo yenye nakshi. Kila pembe lazima ikae sawasawa mahali mishono minne inapokutana, ikipishana hata punje, inavuta. Akimaliza alikuwa anaivaa, ananyanyua mkono juu kabisa kama anayechuma embe, anaangalia kama pindo la chini limepanda. Likibaki palepale, anacheka peke yake. Hakuna mtu aliyewahi kumwangalia kwapani baba yangu akamsifu kikwapa.

Kwa hiyo usifungue ofisi. Najua siku hizi kila mwenye mkono mzuri anaambiwa ageuze kipaji kuwa biashara, na kwa anayeitaka biashara hilo ni jambo jema. Wewe hujaitaka. Unachohitaji ni kitu kimoja usikipeleke sokoni, na kazi yako ya kukesha na wagonjwa inakidai kuliko kazi nyingi. Ila la hela mume wako ana sehemu ya haki. Mtajie kiasi cha mwezi, kidogo, ukishike, na kikiisha kimeisha mpaka mwezi ujao. Akijua mwisho wake atatulia.

Sasa tuje kwa wifi.

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na ya kwako iliishia getini. Vitenge 14 kutuliwa kitandani bila kuulizwa ni kosa la wifi yako, tena kubwa. Lakini angalia alichopata yeye. Kwa mtu wa jioni kama wewe gauni moja la sare, kukata, kushona na kumalizia, ni jioni tatu ukiwahi. Kwa 14 ni jioni 42, na zamu zako za usiku katikati. Hesabu hiyo wifi yako hajaisikia mpaka leo. Alichosikia ni mkanda umekatika, na alichokiona ni mkanda mzima. Kwa hiyo akachukua maelezo pekee yaliyobaki, kwamba wafu wa Ulaya una muda nao, yeye huna. Mimi ningekuwa yeye ningeumia hivyo hivyo.

Usingoje kikao. Kikao kikishaitishwa watu wanakuja na upande. Kabla hujatoka nyumbani, mume wako ampigie mama yake. Mwambie kwa upole kwamba aliyekasirika ni dada yake na aliyepiga simu ni mama yake, hivyo haliwezi kuwa jambo la wanawake tu. Amwambie mama, "Mke wangu anakwenda kuongea na dada, naomba utuachie siku tatu." Hayo yatosha, asiongeze.

Wewe nenda mchana, peke yako, usiende mikono mitupu. Chukua sato wawili wa asubuhi pale mwaloni Kirumba. Ukifika usianze na sare. Mwambie, "Wifi, nilikudanganya. Cherehani haikuwa mbovu. Niliogopa kukuambia kwamba siwezi nguo 14, na kosa ni langu." Kisha nyamaza. Atasema mengi, mengine yatakuchoma, muache ayamalize. Usimwambie kwamba na yeye alikosa kuleta vitenge bila kuuliza. Akishapoa atalisema mwenyewe, na asiposema, mume wako atampata wakati wake wa kumwambia.

Akimaliza, mpe unachoweza kweli. Mwambie Jumamosi moja mchana utawapima wote 14, uandike vipimo vizuri, na utakwenda naye kwa fundi kuvikabidhi. Mafundi wengi hawaharibu sare kwa kushona, wanaziharibu kwa kupimiwa haraka haraka mlangoni. Hilo litawasaidia wote na litakula mchana mmoja tu. Na katika zile 14, moja ushone wewe: ya kwake. Usimtoze hata senti.

Na kwenye hiyo ya kwake weka vikwapa. Mwenyekiti wa kamati ndiye atakayenyanyua mikono kuliko wote ukumbini, na kitenge kilichokatwa mkono wa kubana huchanika palepale chini ya kwapa kabla keki haijakatwa, nimeona zaidi ya mara moja. Kata pembe nne, sentimita kumi kwa kumi, pinda kingo, na uzishone kwa mkono kwa mshono wa kurudi nyuma, ule ambao kila hatua ya mbele inarudi nusu. Siku ya kujaribu mwambie anyanyue mikono juu. Ataona pindo halipandi, atakuuliza umefanyaje, na hapo utamweleza kuhusu kanzu za wazee. Atakuwa amevaa jibu la lile neno lake.

Maana neno lile la gauni la wafu limeniuma hata mimi, nisikufiche. Baba yangu amekufa, na mama yako aliyekuachia cherehani amekufa, na wale waliobeba merikani kichwani kutoka pwani hadi ziwani wote wamekufa. Ukikaa usiku na nguo zao unawakaribia kwa njia ambayo kitabu hakikupi, unajua bega lilibanwa wapi na mkono ulifika wapi. Yule bibi wa benchi la mbele alisimama kwa sababu alimwona mtu aliyewahi kumwona au kusimuliwa. Mtafute akiwa bado yupo hai, mwombe akuambie alimwona nani. Fanya hivyo mapema.

Limebaki lile pindo la mita nne. Watu wa 1895 kwa ndani waliliwekea ukanda mpana wa kitambaa kigumu ili sketi isimame, na ukingoni kabisa utepe mnene unaosugua vumbi badala ya kitambaa chenyewe, ukichakaa unabanduliwa na kubandikwa mwingine. Ukanda wa ndani na mashine, utepe kwa mkono. Lakini kabla ya yote pindo lazima lisawazishwe, na hapo kiwiliwili chako cha matambara hakikufai. Hakina miguu, hakipumui, wala hakiegemei upande mmoja kama mtu anavyofanya.

Unahitaji mtu asimame ndani ya sketi. Sare ikishaisha na mkishacheka kidogo, mwombe wifi. Kiuno kisipofunga, bana kwa pini, haidhuru. Apande juu ya meza imara, watoto wakiwa wamelala, wewe upige magoti chini na rula ya mbao na chaki, uweke alama sentimita tatu juu ya meza. Mwambie ageuke kidogo, asimame, ageuke kidogo, asimame, mpaka alama ya mwisho ikutane na ya kwanza.

Shangazi